Kufungua kituo cha chakula cha bure cha watoto likizo ya kiangazi: mwongozo kwa wanaozungumza Kiswahili Marekani

Hapa Kentucky shule hufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na hufunguliwa Agosti. Mtoto aliyezoea kula kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni anapoteza milo 10 kila wiki. Mama mwenye watoto wanne anatakiwa atafute milo 40, na mara nyingi mama huyo yuko zamu ya asubuhi kwenye ghala au kiwanda cha nyama, watoto wameachwa na dada yao wa miaka 13. Kwenye friji kuna mkate, maziwa kidogo na kiporo cha jana. Nimezifungua friji hizo mwenyewe, kwenye apatimenti zilizo nyuma ya kanisa letu, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu.

Chakula cha kuwalisha watoto hao kipo, na pesa yake ipo. Serikali kuu ilianza kukilipia kwa majaribio mwaka 1968, na mwaka 1975 ukawa mpango unaojitegemea chini ya Wizara ya Kilimo, yaani USDA. Kwenye mabango utaona umeandikwa SUN Meals, kwenye makaratasi ya ofisini utaitwa SFSP, kifupi cha Summer Food Service Program. Ni kitu kimoja. Na kabla serikali haijauweka sawa, mwaka 1969 vijana wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi cha kutetea haki zao, walikuwa tayari wanawapikia watoto kifungua kinywa katika kanisa la St. Augustine, Oakland, California. Nalitaja hilo kwa sababu watu wetu wengi hudhani kazi hii ni ya ofisi kubwa. Ilifanyika pia kwenye ukumbi wa kanisa, kwa masufuria ya watu wa mtaani.

Kinachokosekana mitaani kwetu ni mlango. Unatakiwa mlango ulio karibu kiasi cha mtoto kufika kwa miguu, na nyuma ya mlango huo mtu anayeijua lugha ya nyumbani kwao. Kwenye miji kama Lexington, Louisville, Dayton, Des Moines au Houston, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Tanzania zimeletwa au zimehamia, mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Anza Februari, usingoje joto

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuanza kuulizia Mei. Kanuni za serikali kuu zinataka maombi yawe yamefika si zaidi ya tarehe 15 Juni, lakini majimbo mengi yanaweka tarehe ya mapema zaidi, na wadhamini, yaani mashirika yanayosimamia vituo, wanapanga orodha ya vituo vyao kuanzia Februari na Machi. Ukienda Mei utaambiwa kwa upole urudi mwakani.

Angalia kama mtaa wako unastahili

Vituo viko vya aina kadhaa. Unachokitaka wewe ni kituo cha wazi, yaani kile ambacho mtoto yeyote mwenye miaka 18 au chini yake anaingia na kula bila fomu, bila kitambulisho, bila kuulizwa mapato ya wazazi wala hati zao za kuishi nchini. Kijana aliyepita miaka 18 mwenye ulemavu, akiwa kwenye programu ya shule, naye anakula.

Ili kiwe cha wazi, lazima kiwe kwenye eneo ambalo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu. Kipimo chake ni mapato ya familia yasiyozidi asilimia 185 ya mstari wa umaskini wa serikali. Kwa mwaka wa shule wa 2025–26, familia ya watu 4 ilikuwa ndani ya kipimo hicho ikiwa na mapato yasiyozidi dola 59,478 kwa mwaka kabla ya kodi. Wengi wakisikia namba hiyo wanashtuka, walidhani ni ndogo zaidi.

Wewe huendi nyumba kwa nyumba kuuliza mishahara. Eneo linapimwa kwa takwimu za shule iliyo karibu, au kwa takwimu za sensa. Pigia ofisi ya lishe ya wilaya yenu ya shule, wape anwani ya jengo, waulize kama eneo hilo linastahili. Jibu linapatikana siku hiyohiyo au kesho yake. Likishakubaliwa, kwa kawaida linadumu miaka 5.

Uliza pia kama jirani hapo kuna kituo kingine. Jimbo halipendi vituo viwili vinavyogombea watoto walewale. Lakini usikate tamaa ukiambiwa kipo maktaba, umbali wa maili moja na nusu. Nenda ukautembee mwendo huo, na mkononi umshike mtoto wa miaka 6. Kwetu palikuwa na barabara ya njia nne isiyo na kivuko. Nilipiga picha ya barabara ile nikaituma pamoja na barua yetu, na sikuulizwa tena habari ya maktaba.

Tafuta mdhamini, usiwe mdhamini

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Mpango una ngazi mbili. Mdhamini ndiye anayesaini mkataba na jimbo, anayeandaa au kununua chakula, anayetunza vitabu vya hesabu na kulipwa na serikali kwa kila mlo. Kituo ni mahali watoto wanapokalia. Mdhamini anaweza kuwa wilaya ya shule, serikali ya mji, kambi ya watoto, au shirika lisilo la faida, na benki nyingi za chakula, yaani mashirika yanayokusanya na kugawa chakula cha msaada, zinafanya kazi hiyo.

Vikundi vyetu vina moyo, na moyo huo unatutuma kutaka kila kitu kiwe chetu, jina letu liwe juu. Mwaka wa kwanza achana na hilo. Kuwa mdhamini kunahitaji mtu wa hesabu, akiba ya kulipia chakula kabla serikali haijarudisha pesa, na uwezo wa kumvumilia mkaguzi akifungua kila faili. Kikundi cha kanisa chenye dola 3,000 benki kinaweza kuzama ndani ya wiki nne. Kuwa kituo kunahitaji ukumbi, meza, watu wawili wa kuaminika na kalamu.

Ukikutana na mdhamini, muulize maswali haya na uandike majibu:

- Chakula kinaletwa na nani, saa ngapi, na kikichelewa nampigia nani?
- Ni cha moto au cha baridi? Kikiwa cha moto, mnatuachia mabegi ya kutunza joto?
- Menyu isiyo na nyama ya nguruwe inawezekana? Watoto wetu wengi ni Waislamu, na wako Wakristo ambao nyumbani kwao nguruwe haliwi.
- Mafunzo ni lini? Mtu asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kuja na mkalimani?
- Kinachobaki tunakifanyaje?
- Idadi ya kuagiza tunaibadilisha vipi, na mwisho ni saa ngapi siku ya kabla?

Mdhamini mzuri atafurahia maswali hayo. Atakuja kukagua jengo kabla ya kuanza, atakuja tena katika wiki mbili za kwanza, kisha ndani ya wiki nne atafanya ukaguzi kamili. Usimwogope. Wa kwetu alitufundisha mengi kwa kukaa tu kwenye kiti cha nyuma na kutazama mstari.

Jengo, saa na watu

Jengo halihitaji jiko kama chakula kinaletwa tayari. Linahitaji kivuli au paa, maji ya kunawa mikono, mahali pa kukaa, na mpango wa mvua kama mnalisha nje. Ukumbi wa kanisa, msikiti, kituo cha jamii, chumba cha mikutano cha apatimenti, hata turubai uwanjani, vyote vimetumika nchi hii.

Kanisa au msikiti ukiwa kituo, lieleweke mapema: mtoto halazimishwi kusali, kuimba wala kuhudhuria mafundisho ndipo ale. Anakula kwa sababu ni mtoto. Tulikuwa na wazee waliotaka Neno litangulie chakula kila siku. Tulikaa nao, tukakubaliana mafundisho yawe saa nane, kwa anayetaka, baada ya meza kufutwa. Wengi walibaki kwa hiari yao.

Kituo cha kawaida kinaweza kutoa milo miwili kwa siku, isipokuwa chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja. Anza na mchana peke yake, au mchana na kitafunio. Chagua saa kwa kuwatazama watoto. Sisi tuliandika saa tano na nusu hadi saa sita na nusu, kwa sababu shuleni ndiyo saa waliyozoea. Baadaye tuligundua kuwa watoto wakiwa likizo wanaamka saa nne. Mwaka wa pili tukasogeza saa ya kuanza hadi saa sita na nusu, na idadi ikapanda bila bango hata moja.

Watu: wawili kila siku ndiyo chini kabisa, mmoja wa kugawa na mmoja wa kuhesabu, na wa tatu wa mlangoni kama watoto wanazidi 40. Mtu mzima asibaki peke yake na watoto, na kila anayejitolea apekuliwe rekodi kama kanisa au shirika lenu linavyofanya kwa walimu wa Jumapili. Mama wa mtaani wenye watoto wadogo ndio nguzo. Andika zamu zao wiki mbili mbele na uwapigie simu usiku wa kuamkia zamu, maana ujumbe wa maandishi unapotea.

Sahani

Kila mlo unaolipiwa lazima uwe na vitu vilivyotajwa kwenye kanuni. Kwa chakula cha mchana:

- maziwa kikombe kimoja
- matunda au mboga za aina mbili au zaidi, jumla robo tatu ya kikombe
- nafaka sehemu moja: mkate, wali, tambi, chapati
- nyama au mbadala wake, aunsi 2

Kama mdhamini anakuletea, kazi yako ni kuhakikisha mtoto anapewa seti kamili. Ukipewa boksi la sandwichi lisilo na tunda, usiligawe kimya kimya. Piga simu, andika kwenye karatasi ya siku, na mlo ule usihesabike mpaka kilichopungua kifike.

Watu wetu huniuliza: je, tunaweza kuwapikia ugali? Ndiyo, kama jiko limepita ukaguzi wa afya na mdhamini amekubali mpike wenyewe. Na chakula chetu kinaingia kwenye kanuni vizuri kuliko wengi wanavyofikiri. Maharage yaliyopikwa, robo kikombe ni sawa na aunsi moja ya nyama, kwa hiyo nusu kikombe kinatosha upande huo. Angalia tu kwamba ukiyahesabu maharage kama nyama, huwezi kuyahesabu tena kama mboga kwenye sahani hiyohiyo. Yai moja kubwa linafika aunsi 2. Sukuma wiki ni mboga. Unga wa ugali uwe wa nafaka nzima au ulioongezewa virutubisho. Tunza mfuko wake, mkaguzi ataomba kuuona. Chapati ya ngano iliyoongezewa virutubisho nayo inapita.

Lakini nasema kwa uzoefu: msimu wa kwanza pokea kilicholetwa. Tulijaribu kupika Ijumaa moja, wali, maharage na sukuma, watoto 52. Walikula mpaka wakakwangua sufuria, na mtoto mmoja Mburundi alilia akisema pananukia kwa bibi yake. Kisha tukakaa hadi saa mbili usiku tukipima, tukiandika, tukiosha. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za msimu ule, ila huwezi kuirudia kila siku na watu watatu.

Maziwa yatakusumbua. Watoto wengi kutoka kwetu hawajazoea maziwa baridi ya paketi, wengine yanawaumiza tumbo. Mtoto asilazimishwe kunywa. Weka meza ya kushirikiana: mtoto asiyetaka maziwa au tufaha lake, likiwa halijafunguliwa, analiweka hapo, na mwenye hamu analichukua. Inaruhusiwa, ila muulize mdhamini taratibu za afya za eneo lenu, na maziwa yawekwe juu ya barafu. Mtoto ambaye mwili wake unakataa kabisa chakula fulani, mama alete karatasi ya daktari ili mdhamini atayarishe mbadala.

Nunua kipimajoto cha chakula, hakifiki dola 15. Chakula cha moto kiwe juu ya nyuzi 135 za Farenhaiti, cha baridi kiwe chini ya 41. Pima kikifika, andika namba na saa.

Kuwaambia wazazi

Karatasi za Kiingereza zilizobandikwa ofisi ya apatimenti hazikuleta mtoto hata mmoja. Wazazi wetu waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale wanajua mgao: kadi, foleni, orodha, jina kufutwa. Wakisikia chakula cha serikali, akili inakwenda huko. Mama mmoja aliniuliza mlangoni kwake, mtoto mgongoni: "Na majina ya watoto, mtayapeleka wapi?"

Nikamjibu, mama, hatuandiki majina. Nikamwonyesha karatasi yenyewe. Ina namba tupu, 1, 2, 3, na tunakata mstari kila mtoto anapopita. Aliishika, akaitazama pande zote mbili, akamwita jirani yake aje aione. Kesho yake walikuja watoto 9 kutoka kwenye jengo lile.

Kwa hiyo beba karatasi ya kuhesabia ukienda kwenye milango. Iseme lugha ya nyumba: Kiswahili cha Kongo kama ni Wakongo, Kirundi au Kinyarwanda kama unaye wa kukusaidia. Zungumza na wachungaji, mashehe, wenye duka la unga na samaki, na vijana wanaoendesha vikundi vya WhatsApp vya mtaa. Tuma ujumbe wa sauti, kwa sababu wazazi wengi wanasikiliza zaidi ya wanavyosoma. Sema mambo manne tu: ni wapi, saa ngapi, ni bure kwa kila mtoto hadi miaka 18, hakuna karatasi ya kujaza.

Hofu za mwaka huu ni kubwa kuliko za nyuma. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wasiopata green card kwenye stempu za chakula, yaani msaada wa serikali wa kununulia chakula (SNAP), na familia zilizokuwa zimetulia zinapokea barua za kukatiwa. Usizungumzie uhamiaji kama wewe si mwanasheria. Mwambie mzazi ukweli unaoujua kwa mikono yako: kwenye kituo cha wazi hatuulizi, na hatuandiki. Halafu shikamana na neno hilo. Siku mtu wako wa mlangoni atakapomwuliza mtoto "wazazi wako wanatoka wapi?", hata kwa mapenzi tu, imani ya miezi miwili inaweza kuondoka naye.

Siku yenyewe, na karatasi ya hesabu

Fika dakika 45 kabla. Futa meza, bandika bango la haki ambalo mdhamini amekupa, lile la kutobagua, mahali linapoonekana. Pokea chakula, hesabu boksi mbele ya dereva, pima joto, saini.

Kisha fungua mlango kwa saa iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapa tuliumia. Wiki ya kwanza watoto walifika mapema, wamekaa juani, nikawaonea huruma nikaanza kugawa dakika 20 kabla ya saa. Siku hiyohiyo mkaguzi akaja. Milo 31 haikulipwa, na mdhamini wetu akaibeba hasara hiyo. Siku zilizofuata tuliwafungulia ukumbi wakae kwenye feni, tukawapa maji na karata, na chakula kikangoja saa yake.

Kuhesabu kunafanyika pale mtoto anaposhika sahani, si kabla wala baada. Mtoto mmoja, mstari mmoja. Usihesabu boksi zilizotoka, usihesabu vichwa vilivyokaa, usikadirie jioni. Wanaorudi kuomba mlo wa pili wanaandikwa safu yao, na serikali inalipa milo ya pili kwa kiasi kidogo sana, asilimia 2 ya milo ya kwanza. Milo ya watu wazima haidaiwi kabisa. Wanaojitolea wakitaka kula, uliza mdhamini anaruhusu nini. Mzazi aliyekuja na mtoto umkaribishe kiti na maji, ila sahani ni ya mtoto. Hilo ni gumu kwa sisi tuliolelewa kutomwacha mgeni bila kula, kwa hiyo tuliomba waumini wachange chai na mandazi ya wazazi, kwenye meza ya pembeni, kwa pesa yetu, mbali na hesabu ya watoto.

Watoto wanatakiwa kula hapohapo kituoni. Kanuni ya vituo vya kawaida ndiyo hiyo, na utaivunja moyoni mara nyingi. Siku ya tatu nilimwona binti wa miaka kama 8 akikunja nusu ya sandwichi kwenye karatasi, akaiingiza chini ya fulana, mkono mmoja umeibana ubavuni ili isianguke. Alikuwa amesimama wima sana, kama mtu aliyebeba yai. Nilimfuata nje. Nikamwuliza taratibu, mama, hujashiba? Akatazama chini. "Ni ya mudogo wangu. Iko ku nyumba."

Mdogo wake alikuwa na miaka 3, na amebaki na bibi ambaye magoti hayamruhusu kushuka ngazi. Binti yule hakujua kwamba wadogo nao wanakaribishwa, kwa sababu sisi tulikuwa tumeandika "watoto wa shule" kwenye tangazo letu. Neno moja. Tulilifuta siku hiyo, tukaandika "kila mtoto, hata asiyesoma bado". Jioni nilipanda kumwona bibi, tukapanga kijana wa ghorofa ya chini awe anawashusha wote wawili. Kwa mambo madogo, uliza mdhamini wako: wengi wanaruhusu mtoto aondoke na kitu kimoja cha matunda, mboga au nafaka, kama tufaha au biskuti. Lakini kila ukimwona mtoto anaficha chakula, mfuate, usimkaripie. Nyuma yake kuna mtu.

Mwisho wa mlo, jumlisha, saini, piga picha ya karatasi kwa simu kabla haijaloa maziwa. Agiza idadi ya kesho kwa kutazama wastani wa siku tatu, pungufu kidogo Jumatatu, zaidi kidogo mwisho wa mwezi, pesa inapokuwa imekwisha majumbani.

Kuwaweka watoto

Chakula kinawaleta, lakini dakika 20 za kula zikiisha wanarudi kwenye simu na lami ya moto. Vituo vinavyojaa vina kitu cha pili: mpira, vitabu vya maktaba, binti wa sekondari anayesuka nywele, mzee anayefundisha bao. Hakuna gharama. Shughuli isiwe sharti la kula, basi.

Kwa wale wasioweza kufika

Waeleze wazazi wote kuhusu SUN Bucks, hata wasioleta watoto. Ni kadi ya kununulia chakula wakati wa likizo, iliyoanza rasmi 2024, dola 120 kwa kila mtoto anayestahili kwa kiangazi kizima. Si kila jimbo limejiunga. Kentucky ilijiunga tangu mwanzo. Mtoto anaweza kupata kadi hiyo na bado akala kituoni, hakuna kimoja kinachozuia kingine.

Wengi wetu tunaikosa kwa sababu moja. Shule nyingi za mitaa yetu zinawapa watoto wote chakula bure bila fomu, hivyo mzazi anadhani mtoto ameshasajiliwa. Mtoto ambaye familia yake haiko kwenye msaada mwingine unaomsajili moja kwa moja, mzazi lazima ajaze ombi la SUN Bucks mwenyewe. Familia zilizokatiwa stempu za chakula ziangalie hapa kwa makini zaidi, maana stempu ndizo zilizokuwa zinawasajili. Kaa na mzazi, jazeni pamoja, na anwani iwe ile ya sasa. Kadi inakuja kwa posta na wengi wamehama. Mwambie asiitupe bahasha ile ikifika, maana inafanana na tangazo la biashara.

Wanaoishi vijijini, mashambani, mbali na jengo lolote, wana njia nyingine. Tangu 2023 maeneo ya vijijini yanaruhusiwa kutoa milo ya kubeba, ya siku kadhaa kwa mara moja, mzazi akaichukua mwenyewe. Mdhamini atajua kama eneo lenu linahesabiwa kijiji. Na mzazi yeyote anayetafuta kituo mji mwingine apige 211, aseme "Swahili", angoje mkalimani, kisha ataje mtaa wake.

Wiki ya mwisho

Usifunge ghafla. Wiki mbili kabla, waambie watoto kila siku tarehe ya mwisho, na waandikie wazazi ujumbe wa sauti. Kati ya siku yenu ya mwisho na siku shule inafunguliwa huwa kuna pengo la siku chache. Omba mdhamini asogeze tarehe, na ikishindikana, tafuta mifuko ya chakula kwa benki ya chakula ya eneo lenu kwa familia zile unazozijua kwa sura.

Rudisha mabegi ya joto yakiwa yameoshwa, kabidhi karatasi zote, na ubaki na nakala zako. Andika kwenye daftari mambo matatu yaliyokwama, na jina la kila mama aliyeshika zamu, kwa sababu Februari utawapigia. Bandika mlangoni karatasi kubwa yenye siku ya kufungua shule na saa ya kifungua kinywa shuleni. Mwaka jana niliibandika chini kidogo, kiasi cha kifua changu, ili hata wa miaka 6 waisome, na nikamkuta yule binti amemnyanyua mdogo wake aiguse.